Vidonge ni vilevile, mbona mdogo wangu anasinzia kwenye cherehani?

Dada mfamasia, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na mashaka makubwa, tafadhali usiipite barua yangu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka tisa, na tangu hapo anatumia fenobabitoni ya zahanati. Kwa miaka mingi sasa anameza vidonge vitatu vya miligramu 30 kila usiku. Vimemsaidia lakini havikumaliza. Kila mwezi alikuwa anaanguka mara mbili, mwezi mwingine tatu. Ni fundi cherehani na mkono wake unasifika hapa mtaani kwetu, Tanga. Januari ikifika, sare za shule za mtaa mzima ziko kwake.

Miezi miwili iliyopita tulimpeleka hospitali kubwa. Daktari akasema aendelee na fenobabitoni yake, aongezewe na valproeti: kidonge kimoja cha miligramu 200 asubuhi na kimoja usiku, na baada ya wiki mbili iwe viwili asubuhi na viwili usiku. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipewa dawa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, basi.

Dada, kuanguka kumekoma. Hii ni wiki ya sita hajaanguka hata mara moja, na mama hajawahi kuliona hilo tangu mwanawe yuko darasa la tatu. Lakini amekuwa mtu mwingine. Anaamka saa nne na bado ni mzito. Akitembea anapepesuka, wasiomjua wanadhani amelewa. Wakati wa kula kichwa kinainama hadi karibu na sahani. Wiki iliyopita alishona kola ya shati la mteja ikaenda upogo, akaifumua, akaishona tena, ikapinda palepale. Juzi alisinzia mguu ukiwa kwenye pedeli, sindano ikapita kwenye ukucha wake. Hakupiga hata kelele. Alinitazama tu, kama vile kidole ni cha mtu mwingine.

Nilikwenda zahanati. Muuguzi akaniambia fenobabitoni ameitumia miaka 14, dozi haijabadilika, mwili umeshaizoea, kwa hiyo haiwezi kuwa hiyo. Mjomba amekuja kutoka Lushoto, yeye anasema dawa mpya ndiyo inayofanya kazi, fenobabitoni iachwe usiku huu huu. Mama hataki kidonge chochote kiguswe. Anasema heri mtoto anayesinzia kuliko mtoto anayeangukia moto. Tulijaribu kumpunguzia kidonge kimoja cha fenobabitoni kwa siku mbili, hatukuona tofauti, tukarudisha. Jirani naye ametuletea kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ya mwanawe, anasema hiyo hailevyi.

Ni dawa ipi inamfanya hivi? Tupunguze ipi? Na nasikia kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha dawa mwilini. Tukihangaikie?

Dada wa fundi, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana nyumbani.

Naanza na jambo la haraka. Ukisoma hapa na mdogo wako anatapika, anachanganyikiwa hadi hajui alipo, haamki hata akitikiswa, au anapumua polepole kuliko kawaida, acha kusoma. Mpelekeni hospitali sasa hivi, mkiwa na pakiti za dawa zote mkononi. Vivyo hivyo akiwa na maumivu makali ya tumbo au macho kuwa ya njano. Kama hana hayo na ni mzito tu kama ulivyoeleza, mna muda wa kulifanya jambo hili kwa utaratibu. Lakini muda huo ni wa siku chache, msingoje ile tarehe ya miezi mitatu. Na kuanzia leo asiguse cherehani wala jiko.

Sasa swali lako. Muuguzi amesema kweli kuwa dozi haijabadilika. Alipokosea ni kudhani kwamba dozi ikibaki vilevile, na kiasi kilichomo kwenye damu kinabaki vilevile. Mdogo wako anameza vidonge vitatu kama zamani, lakini kwa ninavyoisoma barua yako, damu yake leo ina fenobabitoni nyingi kuliko ilivyokuwa nayo miaka yote 14. Aliyeipandisha ni valproeti.

Fikiria mashine ya kusaga ya mtaani kwenu. Ini la mdogo wako ndiyo mashine. Kila usiku analeta mahindi, yaani fenobabitoni, na kila siku mashine inasaga kiasi fulani. Kinacholetwa na kinachosagwa vikilingana, stoo inabaki na magunia yaleyale mwaka hadi mwaka. Hiyo stoo ndiyo damu. Valproeti ilipoingia ilikwenda kukaa kwenye mdomo wa mashine ileile. Mahindi yanaendelea kuletwa kama kawaida, hayasagwi kwa kasi ya zamani, na magunia yanapandana. Anayeangalia mlangoni anaona madebe yaleyale matatu yanaingia kila usiku, anasema hakuna kilichobadilika. Stoo ndiyo imejaa.

Kwa kawaida valproeti huipandisha fenobabitoni kwenye damu kwa asilimia 30 hadi 50, na wapo ambao hukaribia maradufu. Nikupe mfano wa hesabu tu, maana namba halisi za mdogo wako sina. Tuseme alikuwa na miligramu 18 kwa kila lita ya damu. Ikiongezeka nusu yake anafika 27, bila kuongeza hata kidonge kimoja. Na fenobabitoni haipandi kwa siku moja, hupanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ndiyo maana hamkuona kitu siku alipoanza valproeti. Uzito ulikuja taratibu hadi mkauona kwenye kola ya shati.

Valproeti nayo haina mikono misafi kabisa. Yenyewe pia huleta usingizi kwa baadhi ya watu, na inapotumiwa pamoja na fenobabitoni inaweza kupandisha amonia kwenye damu, yaani taka ya mwili ambayo ini huiondoa, hali inayomfanya mtu awe mzito, azubae na kuchanganyikiwa hata kama vipimo vingine vya ini viko sawa. Ule mtazamo wa kama vile kidole si chake umenikaa kichwani. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, kwa maneno yaleyale, na muulize kama amonia inaweza kupimwa.

Nije kwa mjomba. Ushauri wake unanitia hofu kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako, na sababu ni kwamba siku za mwanzo ataonekana yuko sahihi. Fenobabitoni hutoka mwilini polepole mno. Kwa mtu mzima huchukua siku tatu hadi nne hivi nusu tu ya iliyomo kwenye damu kuondoka, kisha siku nyingine kama hizo nusu ya iliyobaki, na valproeti ikiwa imekaa mlangoni huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mkiiacha usiku huu, baada ya siku kadhaa kijana atachangamka, mtaona akili imerudi, mjomba atapongezwa. Ubongo uliolelewa na fenobabitoni kwa miaka 14 utakuja kudai baadaye, magunia yakiisha. Hapo ndipo mtu huanguka, na kabla fahamu hazijarudi anaanguka tena, na tena. Hali hiyo inaua. Mwambie mjomba kwa heshima zote kwamba dawa hii haiachwi kwa siku moja na mtu yeyote, hata daktari akitaka kuiondoa huishusha kwa wiki nyingi, mara nyingi kwa miezi.

Ucheleweshaji huohuo ndio ulioficha matokeo ya lile jaribio lenu la siku mbili. Kidonge kimoja kwa siku mbili ni kama kupunguza madebe mawili kwenye stoo iliyojaa hadi darini. Tofauti ya dozi ya fenobabitoni huonekana yote baada ya wiki mbili, tatu, hata zaidi. Usijilaumu, mlirudisha salama. Ila msijaribu tena wenyewe.

Na mama? Mama ana haki ya kuogopa moto. Wiki sita bila kuanguka ni jambo kubwa na sitaki lipotee. Lakini hakuna kinachomlazimisha kuchagua mmoja kati ya mtoto anayesinzia na mtoto anayeanguka. Madaktari wanaoujua mchanganyiko huu wengi hushusha fenobabitoni kidogo kidogo huku valproeti ikibaki ilipo. Lengo ni kuirudisha fenobabitoni kwenye damu pale ilipokuwa, au chini ya hapo, huku valproeti ikiendelea kumlinda. Mwambie mama hivi: akipunguziwa kidonge, anapunguziwa ile ziada ambayo hakuna aliyekusudia kumpa.

Kuna upande wa pili ambao daktari ataukumbuka na nyinyi ni vizuri mkaujua. Fenobabitoni ina tabia iliyo kinyume na ya valproeti. Ukiitumia kwa muda mrefu, ini huongeza vimeng'enya, yaani mwenye mashine anaweka mashine za ziada, na mashine hizo husaga kila kinachopita, valproeti ikiwemo. Kwa maana hiyo valproeti ya mdogo wako huenda iko chini kuliko ingekuwa kama angeitumia peke yake. Siku fenobabitoni ikipunguzwa sana au kuondolewa, zile mashine za ziada zitaondolewa moja moja kwa wiki kadhaa, na valproeti itapanda ingawa vidonge vyake ni vilevile. Akianza kutetemeka mikono au kupata kichefuchefu wiki chache baada ya kupunguziwa fenobabitoni, msiseme ni ugonjwa mpya. Rudini kwa daktari.

Kabamazepini ya jirani mrudishieni na ahsante nyingi. Kwanza ni dozi ya mtoto wake. Pili, hiyo nayo ni ya kundi la kuongeza mashine, ingeishusha valproeti iliyowaletea hizi wiki sita za amani. Huongeza hata mashine za kujisaga yenyewe, ndiyo maana dozi inayotosha wiki ya kwanza inaweza isitoshe wiki ya tano. Na ikikaa pamoja na valproeti, zao lake liitwalo epoksaidi, yaani kinachotoka ikishasagwa, hurundikana, mtu anaona vitu viwili viwili na kupepesuka. Mngetoka kwenye shimo moja mkaingia lingine lenye dalili zilezile, na hapo hata daktari angepata kazi kujua nani kafanya nini.

Nisimulie kitu. Nilipokuwa nakaa dirisha la dawa, alikuwepo kijana aliyekuja kila mwezi kuchukua kabamazepini, na kila mwezi alisaini kwenye daftari letu. Sahihi yake ilikuwa nzuri, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi za upepo. Mwezi mmoja alikuja sahihi imetoka kwenye mstari, ikashuka hadi jina la mtu wa chini yake. Nikamuuliza umekunywa? Akasema hanywi, ila ana kikohozi na siku tatu hizi anatumia erithromaisini, antibiotiki aliyonunua duka la dawa. Erithromaisini nayo hukaa kwenye mdomo wa mashine ya kabamazepini, na haichukui wiki, siku chache zinatosha. Tulimpeleka kwa daktari saa hiyohiyo, akabadilishiwa dawa ya kikohozi. Mwezi uliofuata herufi zilikuwa zimerudi mahali pake. Tangu siku hiyo sijawahi kudharau mkono wa mgonjwa kama kipimo.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi na mdogo wako. Kila asubuhi mpe chaki yake ya ufundi na kipande cha kitambaa cheusi, apige mstari mmoja wa urefu wa mkono bila rula, kama anavyopiga kabla ya kukata. Pembeni andika tarehe, alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, na kama alianguka au hakuanguka. Siku ya hospitali kikunje kitambaa uende nacho. Daktari mwenye dakika tano za kukuona ataelewa zaidi kwa mistari kumi ya chaki kuliko kwa maelezo yetu marefu. Atamtazama pia macho kama yanachezacheza akitazama pembeni, na kumtembeza kisigino mbele ya vidole. Hivyo ni vipimo vya bure, na vina thamani.

Kuhusu kipimo cha damu: kipo, kinasaidia, lakini hakipatikani kila hospitali na huwa na gharama. Kikipatikana, muulize daktari kama anaweza kupima zote mbili. Valproeti ipimwe asubuhi kabla hajameza ya asubuhi, kwa sababu hupanda na kushuka sana ndani ya siku. Ukipima saa chache baada ya kumeza utapata namba kubwa ya kukutisha bure. Fenobabitoni haina tabu hiyo, kiasi chake hakibadiliki sana kutwa nzima. Kwenye karatasi ya maabara pawe na saa aliyomeza mara ya mwisho na saa aliyotolewa damu. Maabara nyingi huhesabu fenobabitoni kati ya 15 na 40 kuwa kawaida, na valproeti kati ya 50 na 100, kwa miligramu katika lita. Sasa rudi kwenye mfano wangu wa 18 iliyopanda hadi 27. Karatasi itasema "kawaida". Wewe umemwona anasinzia kwenye sahani. Mtu akikuonyesha karatasi na kukuambia hakuna tatizo, mwonyeshe kitambaa. Namba humsaidia daktari kuamua apunguze kiasi gani na kwa kasi gani. Haimwondolei kijana usingizi alio nao. Na kipimo kikikosekana kabisa, matibabu yasisubiri, dalili peke yake zinatosha kumfanya daktari aanze kushusha.

Kwa kuwa mnaishi Tanga na malaria ipo, niseme na hili. Fenobabitoni kwa zile mashine zake za ziada husaga pia dawa mseto ya malaria, ikapungua nguvu. Akiugua malaria atibiwe mara moja, asicheleweshwe, ila aliyempa dawa ajue anatumia fenobabitoni, na arudi kupimwa kama homa haikuisha. Vivyo hivyo akianzishiwa dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI, dozi za kifafa zinaweza kuhitaji kutazamwa upya. Na pombe, hata ya kuonja harusini, kwa sasa asiiguse.

Dada zangu mnaosoma na mna kifafa, nisiwape picha kwamba valproeti ni ya kila mtu kwa sababu imemfaa fundi wetu. Shirika la Afya Duniani linashauri isiandikwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata ujauzito, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama unaitumia usiiache ghafla. Nenda kazungumze na daktari wiki hii. Wale mnaotumia fenobabitoni, kabamazepini au fenitoini, vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi vinaweza kushindwa kazi kwa sababu ya zile zile mashine za ziada. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba havina shida hiyo. Na aliyeambiwa aongeze lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, juu ya valproeti, akiona ameandikiwa miligramu 25 siku moja ndiyo na moja hapana, asidhani amepunjwa. Valproeti huifanya lamotrijini ikae mwilini muda unaokaribia maradufu, na ikipandishwa haraka inaweza kuleta vipele vinavyobabua ngozi. Ukiona kipele kimoja tu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kama hospitali ile ilikupa namba ya kliniki, piga asubuhi uombe tarehe isogezwe karibu. Kama hawakukupa, nendeni bila miadi, mkasubiri. Beba pakiti za dawa zote mbili na hata ile kabamazepini kama bado mko nayo, beba kadi ya zahanati inayoonyesha dozi za miaka iliyopita, na kitambaa cha chaki hata kama kina mistari mitatu tu. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Tangu aongezewe valproeti juu ya fenobabitoni haanguki tena, lakini amelewa mchana kutwa." Mpaka mtakapomwona daktari, ameze zote mbili kama alivyoandikiwa.

Akipunguziwa, usitarajie muujiza wiki hiyo. Endelea na chaki, na uniandikie tena mwishoni mwa wiki ya tatu, uniambie mstari umenyooka kiasi gani na mama analala vipi usiku.